Umoja dhidi ya Rongai: nani apewe kitambaa kwenye fainali ya fantasi?

Katika fainali ya watu wawili, mchezaji mliye naye nyote hana kazi. Haaland akitia matatu, Umoja watapiga kelele, Rongai watapiga kelele, na pengo litabaki palepale lilipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana nani ana kikosi kikali, chukua vikosi vyote viwili, futa majina yanayofanana, kisha tazama kilichobaki. Fainali inachezwa humo.

Tutalinganisha timu mbili za mfano kwenye Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambamo unachagua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Hii ni ligi ya ana kwa ana ya marafiki kumi na wawili. Mtoano ni wa hatua mbili: nusu fainali raundi ya 37, fainali raundi ya 38. Timu tuziite kwa mitaa ya wenyewe: Umoja ya Nairobi, na Rongai iliyo nje ya jiji. Umoja aliongoza jedwali karibu msimu mzima. Rongai aliponyoka na nafasi ya nne, na kwa mtu anayeambiwa kila siku kwamba anaishi ng'ambo, kufika tu ni habari.

| | Umoja | Rongai |
|---|---|---|
| Mfumo | 4-4-2 | 4-5-1 |
| Wanaofanana katika kumi na mmoja | 7: kipa, mabeki 2, viungo 3, Haaland | hao hao 7 |
| Wa pekee | mabeki wa kati 2 wa klabu tofauti, kiungo mpiga penalti, straika wa pili | mabeki 2 wa klabu moja, winga, kiungo mshambuliaji |
| Benchi bila kipa | watatu, wote wanacheza | beki mmoja anayecheza, mastraika 2 wa bei rahisi wasiocheza |
| Mabadiliko ya bure (kuuza mchezaji na kununua mwingine) | 1 | 3 |
| Chipu (nyongeza ya kutumia raundi moja) | hakuna | tripo kapteni (pointi za nahodha mara tatu) |

Jambo moja halionekani kwenye jedwali: raundi ya 38, straika wa pili wa Umoja anacheza dhidi ya klabu ya mabeki wawili wa Rongai. Hapo pana moto, na tutarudi.

Wanne kwa wanne

Ukiwapima bila chipu wala kitambaa (cha nahodha, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili), wanne wa Umoja wana sakafu ya juu zaidi, yaani hata siku mbaya hawashuki sana. Tangu msimu wa 2025/26 beki anapata pointi 2 akifikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja: kuondosha mpira, kuzuia shuti, kunasa pasi na kupokonya. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana anaweza kufungwa bao na bado aondoke na 4, yaani 2 za dakika na 2 za kazi. Beki wa pembeni anayependa kupanda hafikishi 10 kwa urahisi. Chakula chake ni klinshiti (kumaliza mechi bila kufungwa) na asisti (pasi ya bao). Mabeki wa kati wawili wa klabu tofauti, basi, ni akiba. Mmoja akianguka, mwingine hana sababu ya kuanguka naye.

Mpiga penalti naye ni faida tulivu. Kiungo akifunga anapata 5, na penalti ni bao kama mabao mengine. Akikosa ni kutoa 2, lakini penalti nyingi huingia.

Wa Rongai wamejengwa kinyume. Mabeki wawili wa klabu moja ni kamari ya mechi moja: wakitoka bila kufungwa ni 6 kwa 6, wakifungwa mapema wote wawili wamekwisha. Winga na kiungo mshambuliaji wanaweza kutoka na 2 kila mmoja, au mmoja wao atie mawili aondoke na 12 kabla ya bonasi.

Sasa ule moto. Mabeki wa Rongai wakipata klinshiti, wana 12 jumla na straika wa Umoja ana 2 zake za kucheza: Rongai mbele kwa 10. Straika akifunga moja, yeye anapanda hadi 6 na mabeki wanashuka hadi 4 jumla: Umoja mbele kwa 2. Bao moja limehamisha pointi 12. Akifunga la pili, anafika 10 na kila beki anakatwa 1 kwa sababu timu imefungwa mawili, kwa hiyo wamebaki na 2 jumla, na Umoja yuko mbele kwa 8. Hakuna mechi nyingine wikendi hiyo yenye uzito huo kwa hawa wawili, hata kama ni ya timu za katikati ya jedwali ambazo hakuna baa ya mtaani itakayoiwasha.

Je, wakimbie mgongano huo? Anayeamini kikosi chake ni bora angependa uishe, na anayehitaji bahati angependa ubaki. Umoja akimuuza straika huyo akanunua mwingine mahali tulivu, anapunguza tetemeko. Lakini ana badiliko moja tu, na tutaona kuna kidonda kikubwa zaidi cha kutibu.

Kitambaa na tripo kapteni

Hapa ndipo ligi nyingi za marafiki hukosea hesabu. Mtu ana tripo kapteni, anaona Haaland ana mechi nyepesi nyumbani, anambandika na kujiona amepata mara tatu. Kumbe mpinzani naye amempa Haaland kitambaa cha kawaida. Mara tatu toa mara mbili ni mara moja. Haaland akipata 13 (mabao mawili, dakika na bonasi 3), chipu yako imekupa 13 juu ya mwenzako, si 39.

Tuite pointi za Haaland H na za winga wa Rongai W. Umoja hana winga huyo, na tuseme kitambaa chake kiko kwa Haaland.

Rongai akimpa Haaland tripo, tofauti kwa wachezaji hawa wawili ni H + W. Akimpa winga, tofauti ni 3W − H. Ukizilinganisha, winga ni bora pale tu W inapozidi H. Kanuni ni nyepesi hivyo: nani kati yao unaamini atapata zaidi? Yote mengine ni kelele za kikundi cha WhatsApp.

Ila ukubwa wa wimbi haufanani. Haaland 2, winga 12: tripo kwa Haaland inampa Rongai 14, tripo kwa winga inampa 34. Geuza: Haaland 13, winga 2. Tripo kwa Haaland inampa 15, tripo kwa winga inamtoa chini kwa 7. Njia ya Haaland inakupeleka mbele kidogo karibu kila mara. Njia ya winga ama inamaliza fainali kabla ya mapumziko, ama inakumaliza wewe.

Na usitegemee miujiza ya mtu mmoja. Msimu bora kuliko yote katika historia ya mchezo huu ni wa Mohamed Salah wa 2024/25, pointi 344 katika mechi 38. Hiyo ni wastani wa 9 kwa raundi, kwa mtu aliyevunja rekodi. Anayepanga fainali akitarajia 20 za winga anapanga ndoto.

Kwa Rongai hii, maoni yetu ni tripo kwa Haaland, isipokuwa winga anacheza na timu iliyokwisha kushuka daraja na Haaland yuko ugenini kwa timu inayopigania Ulaya. Sababu ni kwamba chipu tayari imempa faida ambayo Umoja hana. Mwenye faida mkononi haongezi bahati nasibu juu yake. Angekuwa hana chipu, tungemwambia kitambaa kiende kwa winga bila kupepesa macho, kwa kuwa wanne wake ni dhaifu kidogo na kufuata kitambaa cha Umoja ni kukubali kushindwa polepole.

Tripo kapteni ina wema mmoja: unaweza kuifuta wakati wowote kabla ya dedilaini. Waildikadi na frihiti, chipu za kubadilisha kikosi kizima, hazifutiki ukishathibitisha. Na nahodha asipocheza hata dakika moja, mara tatu inahamia kwa msaidizi wake, kwa hiyo msaidizi asiwe jina la kujazia nafasi. Hapo ndipo winga anakaa vizuri.

Tundu la Rongai

Mfumo wa 4-5-1 na mastraika wawili wafu kwenye benchi unaonekana wa kijanja kwa sababu unaacha pesa nyingi kwa viungo. Lakini mchezo unadai kila kikosi kimalize na angalau mabeki watatu na mshambuliaji mmoja. Haaland akiachwa nje dakika zote 90, anayeweza kuingia mahali pake ni straika tu. Beki wa benchi haruhusiwi hata akiwa na klinshiti. Mastraika wote wawili hawachezi, kwa hiyo hakuna anayeingia, na Rongai anamaliza na watu kumi.

Raundi ya 38 ndiyo mbaya zaidi kwa jambo hili. Timu isiyo na la kupigania inapumzisha wakubwa. Timu yenye fainali ya Ulaya mbele yake inapumzisha zaidi. Hivyo badiliko la kwanza kati ya matatu ya Rongai limekwisha kuamuliwa: toa straika mfu mmoja, leta wa bei rahisi anayeanza kila wiki. Hata 2 zake za dakika ni bora kuliko kiti kitupu.

Umoja hana shida hiyo. Benchi lake la watatu ni bima halisi, mradi alipange vizuri: anayeingia kwanza ni aliye wa kwanza kwenye foleni ya benchi, si aliyepata pointi nyingi. Na benchi halisaidii mchezaji wako akiingizwa dakika ya 88. Amecheza, amepata 1, mlango umefungwa. Kwa mchezaji anayesemekana hayuko fiti, dakika mbili ni hasara kuliko sifuri.

Mabadiliko: nani wa kumfunika?

Kumnunua mchezaji wa mpinzani kunamfuta kwenye hesabu. Wengi wakigundua hilo hutaka kufunika kila mtu, na hapo wanajipotezea. Ukimnakili mwenzako mtu kwa mtu pamoja na kitambaa, mtatoka sare, mtalingana mabao, na mshindi atapatikana kwa shilingi inayorushwa na kompyuta. Funika yule unayemwogopa kuliko uliye naye, basi.

Rongai anamwogopa mpiga penalti. Badiliko la pili: amtoe kiungo mshambuliaji, amlete huyo. Anabaki na winga na mabeki wake wawili kama silaha, na Umoja anabaki na mabeki wa kati na straika. Badiliko la tatu alishike hadi taarifa za majeruhi za Ijumaa na Jumamosi zitoke. Ni raundi ya mwisho, kwa hiyo badiliko lisilotumika linaoza. Asubiri, lakini asilale nalo.

Umoja amwogope winga, ambaye Rongai asiye na woga anaweza kumpa tripo. Kiungo hubadilishwa kwa kiungo tu, kwa hiyo swali ni yupi atoke. Akimuuza mmoja wa wale watatu wanaofanana, amemtengenezea Rongai silaha mpya bila mwenzake kutoa jasho. Amtoe kiungo wa benchi, kama benki yake inatosha tofauti ya bei. Akumbuke kwamba mchezaji aliyepanda bei unamuuza kwa nusu ya faida: amepanda 0.4, unapata 0.2. Watu hupanga usiku kwa bei ya kununulia, asubuhi wanakuta wamepungukiwa na 0.1.

Baada ya ununuzi huo, winga akipewa tripo na Rongai huku Umoja akibaki na Haaland kama nahodha, tofauti inashuka kutoka 3W − H hadi 2W − H. Winga wa 12 na Haaland wa 2 sasa anampa Rongai 22 badala ya 34. Bado inauma, ila inaweza kurudishwa na mabeki wa kati na straika.

Hiti je? Kila badiliko la ziada ni kutoa 4, na katika ana kwa ana hizo 4 zinahesabiwa kwenye mechi. Chukua anayetoka kuwa na 2 za kawaida. Straika anayeingia akifunga moja anapata 6: umerudi sifuri. Beki akipata klinshiti, 6: sifuri tena. Kiungo akifunga, 7: umefaidi 1. Yaani umelipa 4 ili mtu afunge ndipo uwe pale ulipokuwa. Hiti ina maana pale tu unapotoa mtu ambaye hachezi kabisa na benchi haliwezi kumjaza. Umoja, mwenye benchi hai, hana sababu yoyote ya hiti. Rongai ana matatu ya bure, na akifikia la nne amepagawa.

Kama ligi inapiga hesabu kwa mkono

Kuna vikundi vinavyocheza ligi ya kawaida ya jumla ya pointi, kisha mweka hazina anachukua wanne wa juu na kuwapangia mtoano kwenye daftari. Baadhi hucheza fainali ya raundi mbili. Mfumo huo unabadilisha ushauri wa juu: anayeingia raundi ya pili akiwa mbele kwa 20 ana haki ya kumnakili mwenzake kadiri pesa zinavyoruhusu, na kitambaa aweke anapodhani mwenzake ataweka. Pale kujifunika ni ushindi, kwa kuwa sare ya raundi ya pili inambeba. Kama ana frihiti ndiyo wakati wake, maana inambadilishia kikosi kizima kwa raundi moja tu.

Kwa fainali ya raundi moja hakuna aliye mbele wakati wa kuanza, na hilo ndilo watu husahau wanapoiga.

Wanaohesabu kwa mkono wakubaliane mapema mambo mawili: hiti zinakatwa au hazikatwi, na sare inaamuliwaje. Mchezo wenyewe kwenye mtoano hutazama mabao yaliyofungwa na wachezaji wako raundi hiyo, kisha mabao machache ya kufungwa, kisha shilingi. Fedha za M-Pesa zikiwa zimekaa kwa mweka hazina tangu Agosti, si wakati wa kuanza kuandika katiba.

Kanuni ya mabao inatoa kisingizio kizuri pia. Ukikwama kati ya beki na kiungo unaowapa nafasi sawa, chagua kiungo.

Saa ya Nairobi

Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na vikosi rasmi hutoka baada yake. Hutaona mpinzani amebadilisha nani hadi saa hiyo ipite. Unachoweza kusoma ni kikosi chake cha raundi ya 37, pesa zilizo benki, na chipu alizotumia. Mabadiliko yake ya bure yahesabu mwenyewe kwa kufuata historia yake, ukikumbuka yanalimbikizwa hadi 5.

Mei, Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili, si tatu kama Desemba. Misimu ya karibuni mechi zote kumi za raundi ya 38 zimeanza pamoja Jumapili saa kumi jioni ya kwao, yaani saa kumi na mbili jioni hapa. Dedilaini basi ni saa kumi na nusu. Anayehesabu kwa saa za Desemba atadhani ana hadi saa kumi na moja na nusu, na atakuta mlango umefungwa saa nzima iliyopita.

Rongai, kama uko kwenye matatu wakati huo, fanya mambo yako kabla ya kupanda. Programu huwa nzito dakika kumi za mwisho, na bando likikata katikati ya kuthibitisha hujui kama limepita. Thibitisha mabadiliko kwanza, kisha rudi kwenye ukurasa wa timu uone kitambaa kimekaa kwa nani, msaidizi ni nani, na chipu imewaka. Bonyeza kuhifadhi, toka, ingia upya uangalie tena. Umoja vilevile, stima ikipotea saa kumi na robo simu iwe na chaji.

Kwa yote hayo, tungeipa Umoja nafasi ndogo ya mbele kama Rongai ataacha benchi lake lilivyo. Akiziba tundu la straika, akamfunika mpiga penalti na kuweka tripo kwa Haaland, tungeweka jina la Rongai juu, kwa kipimo cha bao moja la yule straika wa pili.